Ng'ambo ya Mto Prut

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimepewa mgonjwa mpya. Anaitwa Grigore, mtu wa hamsini na kitu, fundi wa vigae. Anakaa Stratford, hapa London, nyuma ya stesheni, katika nyumba ya kupanga ambayo kila chumba kina watu wake na jiko ni la wote. Kifua kikuu, pafu la kulia. Kazi yangu kwake ni ile ninayoifanya kwa wote: kwenda kila asubuhi, kumtazama akimeza vidonge mbele ya macho yangu, kisha kwenda kwa mwingine.

Mlango alifungua binamu yake, Costel, anayekaa naye chumba kimoja. Mtu nadhifu, ndevu zimechongwa, Kiingereza chake kizuri. Mkalimani wa simu hakupatikana, basi Costel akatutafsiria.

"Mmetoka wapi?"

"Romania, sista. Sote wawili. Bibi zetu walikuwa mtu na dada yake."

"Amewahi kuugua kifua kabla ya sasa?"

Costel akamuuliza. Grigore alijibu kwa maneno mengi, mkono wake mmoja unapanda na kushuka. Costel akanigeukia: "Hapana."

Pasipoti ni ya Romania kweli, nimeiona. Nikaandika. Costel amenipikia kahawa, nikaikataa kwa adabu kwa sababu ya barakoa. Grigore hakuniangalia hata mara moja.

Jumanne, 8 Oktoba

Vidonge vimemezwa. Mvua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mkojo wa Grigore umekuwa rangi ya machungwa kwa ajili ya dawa, na yeye amefikiri anakufa. Costel ameniita chooni nikashuhudie. Tumecheka watu wawili. Grigore hakucheka.

Nimemwambia Costel naye anatakiwa kupima kwa kuwa analala chumba kimoja na mgonjwa. Amesema atakuja wiki ijayo.

Jumanne, 15 Oktoba

Costel hakuja kliniki. Ana kazi nyingi, anasema. Lakini mazungumzo yake yananifurahisha. Amenieleza kwamba kijiji chao kiko karibu na mto unaoitwa Prut, na ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, Moldova. Lugha ile ile, makanisa yale yale, hata majina ya ukoo ni yale yale. Mto wenyewe si mpana, mtu akiita upande huu anasikika upande wa pili.

"Basi ni watu wamoja," nimesema.

"Walikuwa." Akatabasamu. "Sisi tumeingia Ulaya. Wale wa ng'ambo wamebaki walipoachwa na Warusi. Ukipita kule, sista, unaona wazee na mabata tu. Watu wavivu, wanakunywa. Ndivyo walivyo."

Grigore alikuwa kitandani, anatazama ukuta. Sikujua anaelewa kiasi gani cha Kiingereza.

Sentensi ile ya "ndivyo walivyo" imenifuata ndani ya treni mpaka Woolwich. Nimeisikia mara nyingi, lakini si juu ya watu wa Moldova.

Jumatatu, 21 Oktoba

Jana Moldova walipiga kura kuamua kama wajiunge na Ulaya. Leo nimemkuta Grigore amekaa wima, simu mkononi, anafuata matokeo. Amenionyesha kwa kidole: upande wa ndiyo ulikuwa nyuma usiku kucha, sasa umepita kwa kura chache mno. Mara ya kwanza nimeona meno yake. Alitaka kuniambia jambo, Costel akalidaka.

"Anapenda siasa za watu," amesema, na akamwambia Grigore azime simu.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Kuanzia leo nitatoka kazini gizani. Nimenunua mihogo sokoni, nimeipika kwa nazi, binti yangu Najla ameila kwa ketchup.

Alkhamisi, 31 Oktoba

Najla anaandika insha ya chuo. Yuko mwaka wa pili, uchumi. Nilipita nyuma yake na chai nikaona skrini imejaa mistari ya rangi.

"Nini hivyo?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni nchi zilizokuwa za kisoshalisti, jirani kwa jirani, na mistari inaonyesha watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma kiasi gani, wanapata matibabu gani. Akanionyesha mistari miwili. Mwaka wa tisini inakwenda pamoja, karibu inagusana. Halafu yote inaanguka kidogo. Halafu mmoja unapanda na mwingine unasuasua chini yake, na pengo halizibiki.

"Huu wa juu nani?"

"Romania."

"Na wa chini?"

"Moldova. Cheki, Mama, baba wa Moldova anakufa miaka kadhaa kabla ya baba wa Romania, na ni pua na mdomo." Hili la pua na mdomo alilisema kwa Kiswahili, na akajisifu. Kisha akaniambia, kwa Kiingereza tena, kwamba kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, kwa Moldova ni janga kuliko karibu kila nchi ya Ulaya.

Nimekaa na chai yangu. Nimemkumbuka Grigore na kura zake. Mtu hakeshi na simu kwa kura za nchi isiyo yake.

Ijumaa, 1 Novemba

Costel alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Nimempa Grigore vidonge, kisha nimechukua bahasha nikachora mto, mstari mmoja tu wenye mapindo. Nikaandika Romania huku, Moldova huku. Nikamuuliza kwa Kiingereza cha polepole: wewe umezaliwa wapi?

Aliniangalia, nadhani ndiyo mara ya kwanza, kwa macho ya kijivu yaliyochoka. Akaweka kidole upande wa Moldova.

"Na pasipoti?"

"Bibi," amesema. "Zamani, wakati wa bibi, yote ilikuwa Romania. Romania wanampa mjukuu karatasi." Akagusa kifua chake. "Karatasi Romania. Hii, Moldova."

Nimempigia Dk. Hemali hapo hapo, nje kwenye ngazi. Yeye ni daktari wetu mkubwa wa kifua, amezaliwa Nakuru na kulelewa Kenton hapa London, na akiwa na wasiwasi huacha Kiingereza akaniletea Kiswahili cha jikoni kwao.

"Ati Moldova? Sheikha, na sisi tumempa dawa za kawaida karibu mwezi mzima? Chukua makohozi mengine leo, leo. Mimi napigia maabara sasa hivi."

Jumatano, 6 Novemba

Sugu. Dawa kuu mbili hazimgusi. Hivyo vidonge vyote nilivyomtazama akivimeza, kwa jinsi nilivyojivunia kwamba hajakosa hata siku moja, vilikuwa karibu sawa na peremende.

Tumekwenda kumchukua, mimi na Dk. Hemali pamoja na watu wa ambulensi. Safari hii mkalimani wa simu alikuwepo, mwanamke mwenye sauti ya upole. Simu tuliiweka mezani katikati ya vikombe. Costel alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kazi, vumbi la saruji mabegani.

Dk. Hemali akauliza upya swali la siku ya kwanza: umewahi kuugua kifua?

Grigore alizungumza muda mrefu, na safari hii maneno yote yakatufikia.

"Mwaka 2003. Kijiji chetu kilikuwa kinamalizika. Sovieti ilipovunjika, shamba la ushirika liligawanywa, matrekta yakauzwa kama chuma chakavu. Wakaondoka walimu, wakaondoka madaktari. Kliniki ikabaki na nesi mmoja. Alinipa dawa, akanijia kila siku kama huyu mama anavyonijia. Mwezi wa tatu wa dawa akaja mikono mitupu. Gari ya dawa haikufika. Nikangoja. Kisha nikajisikia nafuu, na nilikuwa na watoto, nikenda Moscow kujenga. Siku ya kwanza nilimwambia haya binamu yangu. Yote niliyasema. Nilifikiri mnajua."

Dk. Hemali alimgeukia Costel. Mimi pia.

"Kwa nini ulisema hapana?" nimemuuliza.

Costel alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Ningesema, ingekuwaje? Mwenye nyumba angetutoa wote wawili. Kazini wangesema hawa ni wale wa ng'ambo, wana magonjwa. Mimi si wa ng'ambo! Nimeishi hapa miaka kumi na mbili najieleza mimi ni nani."

Grigore hakuhitaji kutafsiriwa. Alisema sentensi moja ya taratibu, na mkalimani akasita kabla ya kuileta: "Anasema, 'Nililala kitanda cha pembeni yako na ulinionea haya.'"

Wakamchukua. Costel hakusogea mlangoni mpaka walipomwomba apishe.

Alkhamisi, 7 Novemba

Dk. Hemali ameniita tuzungumze. Hakunilaumu peke yangu, amesema kliniki nzima ilipaswa kungoja mkalimani rasmi badala ya kutumia ndugu. Ni kweli.

Jumatano, 13 Novemba

Costel amehama. Hapokei simu za kliniki. Barua ya kumwita kupima imerudi. Mpangaji wa chumba cha jirani ameniambia Costel amekwenda kukaa na Waromania wenzake huko Ilford na amewaambia watu kwamba binamu yake alimletea ugonjwa kutoka ng'ambo.

Nilikuwa nampenda mtu huyu. Wallahi sasa nikimwona nitapita upande wa pili wa barabara.

Jumapili, 24 Novemba

Upepo mkali tangu jana, mapipa ya taka yamelala barabarani.

Nimegombana na Hafidh, na sababu yenyewe ya kipuuzi. Mume wangu ni mtoto wa mjini Unguja, Malindi, na miye ni wa Wete, Pemba, na kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa ananitania Upemba wangu. Leo kaka yake alikuja kula, wakaanza: Wapemba hivi, Wapemba vile, Mpemba akiona lifti anavua viatu. Siku zote hucheka. Leo nimeweka bakuli la mchuzi chini kwa kishindo.

"Sukari ya mgao ilipokuwa ikifika Unguja, nani alikuwa wa mwanzo?" nimesema. "Skuli zenu zina madawati, zetu hazina. Daktari wenu yupo, wetu amekwenda kwenu. Halafu mkatucheka kwamba hatujui kitu. Sote tulikuwa chini ya serikali moja na foleni moja, lakini nyinyi mlikuwa mbele ya foleni!"

Shemegi aliangalia sahani yake. Mgeni alipoondoka Hafidh alikuja jikoni, akachukua kitambaa akanisaidia kukausha vyombo.

"Ni yule mgonjwa wako?" ameuliza.

"Ni yeye na mwenzake."

"Sikujua kama inakuuma."

"Hata miye sikujua."

Jumamosi, 7 Disemba

Nimekwenda kumtazama Grigore ingawa si zamu yangu. Chumba cha kutengwa kina milango miwili na mashine inayovuta hewa nje, inavuma mchana kutwa. Dawa mpya zinamchoma nyayo. Anasema anahisi kama anakanyaga changarawe. Amejifunza kusema "Sheikha" sawasawa, na kh yake ni bora kuliko ya Waingereza.

Ana mama, umri themanini na tatu, peke yake kijijini. Wanaongea kwa simu kila siku. Amemweleza kwamba yuko London anabandika vigae katika hoteli kubwa.

Jumanne, 17 Disemba

Makohozi hayaonyeshi tena vijidudu kwenye darubini, lakini majibu ya kuviotesha maabara, yale ya kuaminika, yanataka wiki nyingi. Mpaka yarudi, hatoki.

Jumatano, 25 Disemba

Hakuna treni. Hafidh alikuwa na zamu ya dharura, miye na Najla tumetazama filamu. Nimemtumia Grigore salamu. Amenirudishia picha ya chakula cha hospitali na kikatuni cha uso unaolia.

Jumapili, 12 Januari 2025

Niandike upesi kabla sijasahau mpangilio wake.

Dk. Hemali alinipigia nikiwa sokoni. "Sheikha, Grigore ametoka. Amevaa nguo zake akapita tu. Nesi aliingia akakuta kitanda kitupu. Mama yake ameshikwa na kiharusi jana, anataka kwenda nyumbani. Akipanda gari na watu, mimi lazima niende kwa hakimu aamuru ashikwe. Sitaki hiyo maneno. Wewe anakusikia."

Hafidh anafanya kazi Stratford, anajua kila kona. Akasema mabasi madogo ya Moldova hupakia Jumapili katika uwanja wa kuegesha magari nyuma ya bohari la mbao. Tukaenda. Njiani nikampigia Costel kwa simu ya Hafidh, namba asiyoijua, akapokea. Nikamwambia mambo matatu tu: mama amepooza, Grigore anapanda basi, na mahali. Akakata.

Uwanjani palikuwa na mabasi matatu na watu wengi. Wanapakia magodoro, mikrowevu, nepi, baiskeli ya mtoto iliyofungwa kwa plastiki, mabegi yenye majina ya vijiji kwa kalamu nene. Grigore alikuwa amesimama kando ya basi la mwisho. Amevaa barakoa ya hospitali, ile nzito, ameibana puani vizuri kama nilivyomfundisha.

"Nitaivaa siku zote tatu," amesema kabla sijafungua mdomo. "Sitakula chakula ndani. Nitakula nje."

"Grigore."

"Upande mzima umekufa. Jirani anampa maji kwa kijiko. Ambulensi ya wilaya ni moja, imesema itakuja. Jana ilisema itakuja. Ana nani mwingine? Mimi tu."

Nilitazama ndani ya basi. Nyuma ya dereva alikaa mwanamke kijana na mtoto wa kike wa miaka kama miwili, kofia ya manyoya, anabandika stika kwenye kioo.

"Utakaa kiti gani?" nimemuuliza.

Akanionyesha. Kilikuwa nyuma yao. Alimwangalia yule mtoto, na nikaona mabega yake yanashuka. Ningeweza kumtaja hakimu, nikaona haya.

Hapo Costel akaja, anakimbia, suruali imejaa plasta. Walikuwa hawajaonana tangu Novemba. Grigore alimtukana. Lugha siijui, lakini sauti ya tusi naijua. Akamsukuma kifuani kwa mikono miwili, Hafidh akaingia kati. Costel hakujitetea. Alimwacha Grigore apumue, kisha akasema kitu, na akanigeukia akakisema kwa Kiingereza ili nami nikijue.

"Nitakwenda mimi. Kuna ndege ya Iași, mji wa upande wetu wa mto, jioni hii. Mke wangu yuko kule, ana gari. Kesho asubuhi nitakuwa kwa mama mkubwa."

"Hujavuka mto ule tangu utoto," Grigore amesema. Hilo alilisema kwa Kiingereza pia.

"Sijavuka."

"Hujui hata nyumba."

"Nitauliza."

Grigore alitoa ufunguo wa nyumba ya kwao kutoka shingoni, ulikuwa umefungwa kwa uzi, akamwekea Costel kiganjani bila ya kumgusa. Kisha akaja akaingia katika gari letu, akafungua kioo mwenyewe kwa ajili ya hewa. Hafidh aliendesha mpaka hospitali na vioo vyote wazi, baridi ya Januari inatukata. Hakuna aliyelalamika.

Jumanne, 14 Januari

Mama yake Grigore amefariki. Costel alimpigia, akamwambia amekwenda usingizini, kitandani mwake, bila ya maumivu.

Alkhamisi, 16 Januari

Mazishi. Costel alituonyesha kwa simu ya video tangu kanisani mpaka kaburini. Nilikaa na Grigore chumbani, miye na barakoa yangu. Wazee wanane hivi, theluji chafu, njia ya matope. Jeneza lilibebwa na wanawake pamoja na wanaume kwa kuwa wanaume hawatoshi. Costel alikuwa mmoja wa wabebaji, na akina mama wakampokea simu wakatuonyesha mara ardhi, mara mbingu.

Grigore alitupa udongo wa kuwazia juu ya shuka. Vidole tu vilifanya hivyo. Nimemshika mkono huku nimevaa glavu.

Alkhamisi, 23 Januari

Costel amerudi. Alikuja kliniki bila ya miadi, hakunyoa, akaniomba dakika. Tulikaa katika chumba cha kupimia uzito.

"Nilimdanganya," amesema.

Alifika asubuhi ya Jumatatu akamkuta mama mkubwa hai. Anamtambua, akamwita kwa jina la babake. Ambulensi haikuwa imefika. Yeye na mkewe wakambeba mpaka kwenye gari, wakaenda hospitali ya wilaya. Daktari wa zamu alikuwa mmoja kwa jengo zima, wenziwe wamekwenda Ujerumani. Mashine ya kupiga picha ya kichwa hawana. Daktari mwenyewe akamwambia: vuka, hospitali yenu kule ina kila kitu, ni nusu saa.

"Kila kitu, sista! Mwaka juzi baba yangu alipata kiharusi hicho hicho. Helikopta ilikuja. Leo anacheza karata."

Wakaenda mpakani. Foleni ya magari ilikuwa ndefu, theluji, na mama hakuwa na pasipoti ya Romania, alikataa siku zote kuiomba. Costel alitembea mpaka mbele akawaeleza askari. Wakakubali, wakaanza kuwaambia madereva wasogee. Aliporudi kwenye gari kuliwasha, mkewe alikuwa analia, mama ameshakata roho.

"Taa za upande wetu zilikuwa zinaonekana," amesema. "Nikageuza gari. Ungefanya nini? Nikamrudisha kwake."

Alijifuta uso kwa mkono wa koti. Kisha: "Nilikuwa nasema wavivu. Nimekaa pale siku tisa. Mwanamke wa miaka sabini anachota maji kisimani, anawachotea na wenzake wawili. Mtu anayefanya hivyo mvivu?"

Nilitaka kumwambia maneno makali, nimeyaweka tangu Novemba. Yamekataa kutoka. Nimempeleka kupiga picha ya kifua na kutoa damu. Alikwenda kama mtoto.

Ijumaa, 31 Januari

Kifua cha Costel ni safi. Damu inaonyesha ameambukizwa lakini ugonjwa umelala. Atafuatiliwa miaka miwili. Amesikiliza, akasema, "Basi tunao sote."

Alkhamisi, 6 Februari

Kila nikimwona Grigore, uongo wa Costel unakaa kati yetu. Nimemuuliza Hafidh: nimwambie? Amefikiri. "Si wako wa kusema," ameniambia. "Lakini yule aliyeusema asiachwe aufiche." Sijui kama ni jibu.

Jumanne, 18 Februari

Majibu ya kuotesha yamerudi safi. Grigore ametoka hospitali. Costel alikuja kumchukua. Amepata chumba chenye vitanda viwili na dirisha kubwa huko huko Stratford. Hawakukumbatiana. Costel alibeba begi, Grigore akatembea akitazama chini kuona miguu yake iko wapi, kwa sababu haihisi.

Dk. Hemali amemwambia huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi zote. Fundi vigae anayepiga magoti siku nzima.

Jumamosi, 1 Machi

Ramadhani. Najla amefunga, anasema kichwa kinamuuma. Ile insha amepata alama nzuri. Nimemuuliza kama ameandika chochote juu ya mtu aliyezaliwa kwenye mstari wa chini na pasipoti ya mstari wa juu. Akafikiri, akasema mistari haina mahali pa mtu huyo. Akaondoka, akarudi: "Anaitwa nani?" Kwa Kiswahili. Sikumwambia, ni siri ya mgonjwa. Nimemwambia ni fundi.

Jumatano, 12 Machi

Vidonge vimemezwa. Jua, kwa mara ya kwanza baada ya muda.

Jumatano, 26 Machi

Nimefika nimefunga, koo kavu. Costel alikuwepo, hakwenda kazini. Meza imesafishwa. Nikajua.

"Kaa, sista," amesema. "Nataka mtu mwingine awepo."

Alimweleza kwa lugha yao. Sikuelewa neno hata moja na nikaelewa yote: mikono yake ikabeba, ikashika usukani, ikaonyesha foleni, ikawaomba askari, kisha ikageuza. Grigore alikuwa na glasi ya maji mkononi na vidonge kwenye kisosi. Hakusogea. Costel alipomaliza hakuomba radhi wala hakulia, alikaa tu, mikono juu ya meza.

Treni mbili zilipita nje. Niliogopa. Nilifikiri atarusha ile glasi, atavaa viatu aondoke, atakataa dawa zilizobaki na kazi yote iharibike, na nani angemlaumu.

Grigore akauliza kitu kifupi. Costel akajibu. Akauliza tena, akajibiwa tena.

"Anauliza nini?" nimenong'ona.

"Anauliza kama garini palikuwa na baridi," Costel amesema. "Mama hakupenda baridi. Nimemwambia hita ilikuwa imewashwa mpaka mwisho. Anauliza nani alikuwa amemshika. Nimemwambia mke wangu, kichwa kilikuwa pajani mwake."

Grigore alitikisa kichwa polepole, kukubali. Kisha akameza vidonge, kimoja kimoja, akafungua mdomo akaniinulia ulimi ili nihakikishe, na akasukuma kiti cha pembeni yake kwa mguu usiohisi, kumwonyesha Costel akae karibu.